Bolti Nne za Mashine Namba Tatu

Naitwa Wilbard, Baba Innocent, opareta wa mashine za kuchambua pamba, na hasira zangu ziko karibu. Mke wangu Dorika husema hata sufuria ikichelewa kuchemka naigombeza. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani nasimulia kwa upole. Nimejikasirikia karibu mwaka mzima, na hasira ya namna hiyo haina pa kwenda. Inakaa na wewe mezani, mnakula nayo ugali.

Kiwanda chetu kipo nje kidogo ya mji wa Kahama, sisi tunakiita jinari. Pamba inaingia na mbegu zake, inatoka nyuzi tupu, nyuzi zinafungwa marobota. Kazi hiyo inafanywa na mashine nne zenye misumeno ya duara inayozunguka kwa kasi, meno huyaoni, unaona ukungu tu. Juu ya misumeno kila mashine ina kinga ya bati nene iliyofungwa kwa bolti nne. Hiyo kinga ina kazi moja: mkono wa mtu usifike kwenye meno. Lakini pamba ikiwa na unyevu hukwama chini yake, na kila ikikwama ni lazima uzime, ufungue, utoe, ufunge, uwashe tena.

Msimu uliopita pamba ilikuja na unyevu. Edson, meneja wetu, alikuwa akipita kila saa kuuliza tumefikisha marobota mangapi. Hakuniambia nitoe kinga. Ningependa sana kusema aliniambia, maana Edson ni mtu ambaye hata ukimsingizia hakuna atakayekununia. Alisema tu kwamba mimi si ndiye fundi, basi nitafute njia. Nikatafuta njia. Nikachukua spana, nikafungua bolti nne za mashine namba tatu, nikazitia mfukoni mwa ovaroli, kinga nikaipeleka stoo nikaisimamisha nyuma ya magunia. Siku hiyo namba tatu ilizipita zote, na mimi nikatembea kifua mbele kama jogoo. Wenzangu waliona kinga haipo. Kila mmoja akadhani ni amri ya ofisi, hakuna aliyeuliza spana ilishikwa na nani.

Siku ya kumi na mbili mashine ikamla Ghati.

Ghati ni binti wa Kikurya, kibarua, miaka ishirini na miwili. Alikuja huku kumfuata shangazi yake aliyeolewa Segese. Mtoto mwenye adabu. Kila asubuhi, hata kama tumechelewa na kengele imeshalia, alisimama kwanza: "Shikamoo, Baba Innocent." Mimi nikijibu marahaba huku nakimbia. Siku ile pamba ilibanana, akanyoosha mkono kuivuta, kama walivyokuwa wakifanya wote tangu kinga itoke. Vidole vitatu vya mkono wa kulia. Nilizima mashine mimi mwenyewe, na kelele ya kiwanda ilipokufa ndipo tukasikia sauti yake.

Akiwa bado wodini, ofisi ikamwandikia barua. Ilisema ameumia kwa uzembe wake, mashine ilikuwa salama na kinga yake, kwa hiyo kampuni haihusiki na matibabu, na kazi yake imekoma. Mama Generoza, ambaye ni mwenyekiti wetu wa wafanyakazi na amekaa jinari miaka kumi na tisa, aliisoma barua ile kwa sauti mbele ya geti. Alipofika kwenye maneno "na kinga yake" watu wakaguna. Hapohapo tukagoma. Tulikuwa na madai mengi, barakoa za vumbi, mikataba kwa vibarua, lakini la kwanza lilikuwa Ghati: atibiwe, alipwe haki yake, arudi kazini. Tukafunga jengo la mashine, na wenzangu wakakubaliana ufunguo ukae kwa mtu mzima anayeaminika. Wakanipa mimi. Nilikaribia kuukataa. Sikuukataa.

Siku ya nane ya mgomo Mama Generoza akapigiwa simu. Mheshimiwa Akida, mbunge, anakuja kesho kutuunga mkono, na madiwani wawili, na waandishi wa habari wenye kamera. Jamani, mtu aliyewahi kugoma ndiye anajua habari kama hiyo inavyoingia mwilini. Siku nane tumekaa juani tukipitwa na magari kama vile sisi ni nguzo za umeme, leo mbunge. Wanawake walipiga vigelegele. Mzee mmoja wa kufunga marobota alicheza peke yake mpaka kofia ikadondoka.

Kisha Mama Generoza akatazama uwanja, akashika kiuno. "Sasa mgeni tunampokea kwenye uchafu huu?"

Hapo ndipo tulipojimaliza. Na naapa hakuna mtu wa ofisi aliyetutuma. Sisi tumezaliwa hivyo. Kiongozi akija shuleni, watoto wanapiga deki tangu juzi yake. Akija zahanati, mawe ya njiani yanapakwa chokaa. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa, lakini mwenyeji aone haya kwanza, afagie. Watu waliokuwa wamegoma kufanya kazi wakafanya kazi siku hiyo kuliko siku yoyote ya mshahara. Walifyeka nyasi za ukutani. Walinyunyiza maji uwanjani vumbi litulie. Walitoa manyoya ya pamba kwenye kila dirisha, manyoya ambayo ndiyo tuliyokuwa tukilalamika kwamba yanatuua vifua. Mama Generoza aligawa zamu kama mpishi wa harusi: nyie choo, nyie stoo, nyie geti. "Wilbard, wewe mwenye ufunguo, jengo la mashine. Ling'ae."

Nikaingia peke yangu. Damu ya Ghati ilikuwa imekaukia kwenye fremu ya namba tatu, nyeusi, na nyuzi za pamba zimeshikana nayo. Nikaifuta kwa matambara na mafuta ya taa. Ilikataa kutoka, nikaikwangua kwa kisu. Nilipomaliza nikarudi nyuma nikaitazama mashine, na misumeno ikanitazama, wazi, haina kitu juu. Nikaona aibu. Nilijiambia ni aibu ya mwenye nyumba: mgeni atakutaje mashine iko uchi hivi? Nikaenda stoo kabla wa stoo hawajaanza kufagia, nikatoa kinga nyuma ya magunia, nikaifuta vumbi, nikairudisha mahali pake. Bolti za zamani zilikuwa nyumbani, kwa hiyo nikatumia nyingine, fupi kidogo, zilizokuwa kwenye boksi la vifaa.

Nilijiambia ni usafi. Nusu ilikuwa kweli, na hiyo nusu ndiyo iliyonidanganya vizuri. Nusu nyingine ni kwamba mtu aliyeitoa kinga alikuwa anaogopa kwamba kesho mbele ya kamera mbunge atauliza: nani aliitoa?

Kesho yake Mheshimiwa Akida alifika saa nne na robo. Nilikuwa nimejiandaa kumdharau, nikashindwa. Hakukaa kwenye kiti tulichokitandikia kitenge, alikaa chini na vibarua. Aliuliza majina ya watu. Alipoletewa Ghati, mkono umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko, aliinuka akavua kofia. Akatuambia kwamba yuko nasi, madiwani wako nasi, lakini maneno yake yatapita kama upepo wa tambarare ya Ibadakuli kama hana ushahidi.

"Nipeni kitu kimoja ninachoweza kukishika kwa mkono," akasema. "Nitakwenda nacho popote."

Ghati akasema kwa utulivu, "Kipo, mheshimiwa. Twende stoo."

Kumbe aliwahi kuiona kinga ile, siku tatu kabla hajaumia, alipokwenda kuchukua ufagio. Hakumwambia mtu, hata Mama Generoza, kwa kuogopa ofisi isije ikaihamisha. Alilala nalo neno hilo wodini, akalitunza kama yai. Alituongoza, mbunge nyuma yake, kamera nyuma ya mbunge, watu zaidi ya mia nyuma ya kamera, na mimi katikati yao. Alisukuma mlango kwa bega. Akavuta magunia kwa mkono wa kushoto, la kwanza, la pili, la tatu. Nyuma ya magunia kulikuwa na sakafu tu. Ilikuwa imefagiwa vizuri, mistari ya ufagio inaonekana.

"Ilikuwa hapa," Ghati akasema.

Tukahamia jengo la mashine. Namba tatu ilikuwa inang'aa, kinga juu yake, bolti nne. Watu wakapiga kelele kwamba haikuwepo, kwamba ofisi imeirudisha kwa siri. Edson alingoja wanyamaze. Alikuwa amevaa shati jeupe, na siku hiyo nilimchukia kwa sababu alikuwa anasema kweli.

"Mheshimiwa, siku tisa hizi mimi sijatia mguu humu. Ufunguo wanao wao. Waulize."

Mbunge akauliza ufunguo anao nani. Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule. Akanitazama vizuri, si kwa ukali, akaniuliza kama kuna mtu aliingia humu akaigusa mashine hii.

Jibu lilikuwepo mdomoni. Maneno mawili: niliigusa mimi. Lakini ukisema uliirudisha jana, utaulizwa ulijuaje ilipokuwa, na ukisema ulijua, utaulizwa nani aliipeleka. Nikaona mlolongo wote huo mpaka mwisho wake, na mwisho wake nilikuwa mimi nimesimama na spana.

"Tulifagia tu, mheshimiwa," nikasema.

Ghati alikuwa anaangalia bolti. Aliziangalia muda mrefu, kisha akaniangalia mimi, kisha akageuka kwa mbunge. Akainamisha kichwa, akamwomba radhi mbele ya watu wote. Akasema huenda aliona vibaya, stoo ina giza, na dawa za hospitali zinachanganya. Yeye, aliyekatwa vidole, akaomba radhi. Mbunge akavaa kofia yake, akasema suala la mwenzetu lifuate taratibu, mengine yote atayasimamia.

Na kweli aliyasimamia, siwezi kumsema vibaya. Alirudi mara mbili, akakaa na wenye kampuni, na baada ya wiki tukapata barakoa, vibarua wakapewa mikataba, mashine zote zikabandikwa maonyo. Mkaguzi wa usalama alikuja, akaikuta kinga imefungwa na sakafu safi, akaandika alichokiona. Barua ya pili ya Ghati ikatoka: uzembe wake, haki hana. Sisi tulishangilia ushindi siku ya Ijumaa, na Ghati akaondoka kwenda Segese Jumamosi. Jumatatu wakanichagua kwenye kamati ya wafanyakazi. Picha yangu na mbunge, nimenyoosha mkono wenye ufunguo, ikabandikwa kwenye ukuta wa kantini. Kila mchana nilikula nimeipa mgongo.

Nyumbani zilikuwepo zile bolti nne za zamani. Dorika alizikuta mfukoni mwa ovaroli alipokuwa anafua, akaziweka kwenye kisahani dirishani, akaniuliza za nini, nikamfokea kwamba vyuma vya kiwandani havimhusu. Hakuzitoa. Miezi saba nikinywa chai naziona. Siku moja, baada ya misa, alikaa mbele yangu, akakisogeza kisahani katikati ya meza. Nikamweleza. Sikumbuki kama nilianza na kinga au na damu. Dorika hakunitukana, na afadhali angenitukana. Aliuliza swali moja tu: binti wa watu siku hizi anakaa wapi?

Nikapanda pikipiki kwenda Segese, bolti mfukoni. Shangazi yake Ghati ana kibanda cha chai karibu na njia wanayopita wachimbaji wadogo, na Ghati ndiye anayeosha vikombe. Aliniona kabla sijashuka. Akasimama.

"Shikamoo, Baba Innocent."

Sikuweza kusema marahaba. Nilitikisa kichwa tu. Nilitaka kukaa, akanizuia, akasema nisubiri kidogo. Akachukua ufagio kwa mkono wa kushoto, akafagia pale mbele ya benchi, maganda ya mayai, vumbi la pikipiki yangu mwenyewe. Ufagio wa mkono mmoja haufiki vizuri, alilazimika kuinama sana. Kisha akafuta benchi kwa upande wa kanga yake. Ndipo akanikaribisha. Mgeni hakai kwenye uchafu, akasema, na hakusema kwa kejeli, ndivyo alivyolelewa. Nilikaa pale nikatamani ardhi ipasuke.

Nikaweka bolti mezani.

"Najua," akasema. "Zile ulizofungia zilikuwa fupi, na mpya. Hakuna mwingine kule anayefunga bolti akazifuta mafuta baada ya kufunga. Nilijua siku ileile."

Nikamuuliza kwa nini basi hakunitaja, kwa nini akajidhalilisha mbele ya watu. Alikuwa anakausha kikombe, amekibana kwenye mbavu kwa mkono ule mbovu. Akaniambia kwamba angenitaja, Edson angeruka juu: mmeona, wanaumizana wenyewe halafu wananisingizia mimi. Mgomo ungekufa palepale, na vibarua wenzake wangerudi hivihivi.

"Nikasema moyoni, Baba Innocent ni mtu mzima. Mbunge akiondoka atasema. Nikakusubiri. Nilikusubiri mpaka barua ikatoka."

Hapo nililia, mzee mzima, mbele ya wachimbaji waliokuwa wanakula chapati. Nikamwomba msamaha. Akazisogeza zile bolti kwangu. Akasema msamaha wake nitaupata, hana haraka, lakini yeye hakuwa na haja ya kuambiwa. Nikawaambie wasiojua.

Jumatatu, zamu zilipokuwa zinapishana getini, nilipanda juu ya robota nikawaambia wote, tangu spana hadi matambara. Nilitegemea mawe. Hayakuja. Mama Generoza alikaa chini pale pale alipokuwa, kwenye vumbi, na gauni lake la kazi. Baadaye sana akasema, "Na mimi ndiye niliyesema ling'ae." Wa stoo nao wakatazamana, waliofagia ile sakafu. Aibu yangu niliyoibeba peke yangu, kumbe ilikuwa na wenzake. Haikupungua kwa sababu hiyo. Edson alinisimamisha kazi kabla ya saa sita, na safari hii sikumgombeza.

Kamati ikaandika barua, mbunge akasukuma, na wiki chache baadaye mkaguzi mwingine akapangwa kuja siku ya Alhamisi, mwanamke kutoka mkoani, atakayefungua upya suala la Ghati. Jumatano Mama Generoza aliwakusanya watu akatoa amri ambayo haijawahi kutolewa nchi hii: hakuna kufagia. Asionekane mtu na ufagio, kiwanda kikae kilivyo. Nasikia usiku ule wengine hawakulala. Alhamisi asubuhi, nilipoitwa kutoa maelezo, nilimkuta mama mmoja wa usafi amesimama katikati ya uwanja, ufagio mkononi, anatazama manyoya ya pamba yanavyopeperuka kuelekea geti ambalo mgeni ataingilia. Aliuweka chini, akauchukua tena, akauweka.

Mkaguzi alifika, akaikanyaga takataka yetu bila kuitazama. Ghati alikuwepo, amekuja na shangazi yake, amejifunika kanga. Mbele ya namba tatu nilifungua zile bolti fupi moja moja, nikazipanga sakafuni, na pembeni nikaweka zile ndefu. Nikaeleza. Mkaguzi aliandika kila kitu, alipima kila bolti. Halafu akainua macho.

"Nimeelewa kwa nini uliitoa," akasema. "Lakini mlikuwa na damu ya mwenzenu hapa, ushahidi wenu wenyewe. Kwa nini mliifuta?"

Nikawatazama wenzangu. Mama Generoza alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Hakuna aliyenisaidia, na haukuwa wajibu wao kunisaidia.

"Mgeni alikuwa anakuja," nikasema.

Mkaguzi alisubiri, kalamu juu ya karatasi, akidhani sijamaliza. Kisha akaniomba nirudie, kwa sauti, aandike vizuri. Ghati alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Nikarudia.